Ubeti wa Mwisho Ndani ya Tangi

Tangu asubuhi fundi hakuwa amekaa chini. Anakwenda chumba cha mashine, anarudi, anainama kuunyoosha waya ulionyooka tayari, anatoka nje kutega sikio kama kuna gari linapanda kilima, anarudi tena. Mlango wa chuma wa tangi alikuwa ameufunga na kuufungua mpaka bawaba zikaanza kulia, na bawaba zilipoanza kulia akaenda kutafuta mafuta ya kuzinyamazisha. Dada yake, aliyesimama peku katikati ya tangi akisubiri kuimba, alimtazama mpaka akachoka.

"Kaa chini mdogo wangu, unanitia kizunguzungu," dada alisema kwa ile sauti yake ya siku hizi, yenye mikwaruzo. Tangi likayachukua maneno hayo, likayazungusha ukuta mzima kabla ya kuyaachia.

"Nikikaa ndiyo wimbo utajirekodi wenyewe?"

"Ukikaa ndiyo nitapumua."

Fundi akarudi kwenye waya wake. Habari za kupumua zilikuwa zimemkaba tangu wiki iliyopita, siku daktari alipowaita wote wawili akawaonyesha picha ya koo la dada. Kulikuwa na uvimbe kwenye nyuzi za sauti, na uvimbe ulikuwa unakua. Ukiachwa, daktari alisema, utaziba njia ya hewa. Ukikatwa, mgonjwa atapona, na Mungu akipenda ataongea. Ila kuimba asikuhesabu. Dada alikubali shingo upande. Alitakiwa awe wodini leo kabla jua halijazama, apasuliwe kesho asubuhi. Alichoomba ni kitu kimoja tu: kabla hawajamkata, aimbe wimbo wake mmoja, mdogo wake amrekodi, sauti ibaki mahali.

Na mdogo wake hakuwa mtu wa kubahatisha katika kurekodi. Tangi lile lilikuwa lake. Lilijengwa juu ya kilima kwa ajili ya kuunywesha mji, la zege, la mviringo, kubwa kiasi cha kumeza nyumba ya ghorofa; mji ukapata maji kutoka kwingine, tangi likaachiwa popo. Fundi alipoingia humo mara ya kwanza alipiga kofi moja, akangoja liishe. Kabla halijaisha alikuwa ameshakata shauri. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu: mwanamke mzima na akili zake anahamishia kazi yake kwenye tangi! Siku hizi wanaocheka ni wale wasiojua, maana kuna waimbaji wanaopanda ndege kuja kuimba humo, na kompyuta zao wanaambiwa waziache garini, kwa sababu fundi anarekodi kwenye utepe, kama zamani, na hataki mjadala.

Sheria zake zilijulikana. Viatu unavua mlangoni. Funguo, mikufu na bangili unaacha nje. Anayetaka kucheka atoke, acheke amalize, ndipo arudi, kwa kuwa kicheko kikiingia kwenye zege lile hakitoki upesi. Mpiga gitaa mmoja mwenye jina kubwa aliwahi kuungurumiwa na tumbo katikati ya wimbo wa huzuni, na mngurumo ule uko kwenye santuri mpaka leo. Wasikilizaji wanausifia wakidhani ni ngoma.

Chumba cha pampu, pembeni mwa tangi, ndicho alichokifanya chumba cha mashine. Ukuta wake aliubandika picha alizokata magazetini, picha za studio za watu wengine duniani: moja iko ndani ya kanisa lililoachwa, moja chini kabisa kwenye mgodi wa chumvi, moja katika meli iliyostaafu, na moja, aliyoipenda kuliko zote, ilikuwa bafu la nyumba ya mtu, vigae vitupu, mwimbaji amekaa kwenye ukingo wa beseni na kipaza sauti kimening'inizwa kwenye bomba la mvua. Hakuwa amefika hata moja. Mgeni akija na kujigamba kuwa amerekodi katika studio fulani, fundi alimuuliza swali lake moja: kofi linakaa muda gani? Wengi waliishia kukuna kichwa. Hapo fundi alikuwa anaondoka zake, anakwenda kuhangaika na kitu kingine.

Dada naye alikuwa mtu wa aina nyingine kabisa. Mji mzima ulimwita Mama Harusi, kwa sababu harusi bila yeye ilionekana kama mkutano. Alikuwa na sauti ya kumtoa nyoka pangoni. Lakini hakuwahi kukubali kurekodiwa, hata na mdogo wake wa tumbo moja. "Wakiwa nami kwenye simu, mimi mwenyewe watanialika nifanye nini?" alikuwa akisema, na kweli hawakuacha kumwalika. Harusini aliimba nyimbo za watu, wanazozitaka watu. Wimbo wake mwenyewe alikuwa nao mmoja, hakuwahi kuuimba mbele ya maharusi maana haukuwa wa kuchezeka. Ulikuwa unamzungumzia yeye, akirudi nyumbani sherehe ikiisha.

"Haya, kaa tayari," fundi alisema, akakimbilia chumba cha mashine, akavaa hedifoni, akabonyeza.

Mara ya kwanza dada alifika ubeti wa pili, mchomelea mageti wa kule mteremkoni akawasha msumeno wake. Fundi alishuka kilima kwa mbio, peku hivyo hivyo, akamsihi anyamaze kwa saa moja tu. "Leo tena?" yule bwana alisema, lakini akazima, akaenda zake kunywa chai. Mara ya pili lori lilirudi kinyumenyume mahali fulani huko chini, likilia pii-pii-pii kama lina kidonda. Mara ya tatu ilikuwa njiwa. Waliingia kwa tundu la juu, wawili, wakaanza mambo yao ya ndoa, na tangi likayatangaza. Dada alicheka mpaka akakohoa, akakohoa mpaka akainama, na fundi akasimama mlangoni akiwa na fagio mkononi, hajui awafukuze njiwa au amshike dada mgongo.

"Nina pumzi ya mara moja tu sasa," dada alisema alipoinuka. Macho yalikuwa yamemwiva. "Mara moja, mdogo wangu. Baada ya hapo tusidanganyane."

Akaimba. Fundi alifumba macho, kama afanyavyo siku zote akisikiliza, na kwa mara ya kwanza siku ile miguu yake ikatulia. Beti nne zile dada alizipanga polepole, na kila baina ya ubeti na ubeti alinyamaza, akaliacha tangi limalize kusema, ndipo akaendelea. Alipofika ubeti wa tatu,

*Nimewachezesha wote mpaka vumbi limetua,*
*narudi peke yangu, viatu mkononi,*

fundi alihisi shingo inamsisimka. Kisha ubeti wa nne, wa mwisho. Kisha kimya. Machozi yalikuwa yanamtoka na wala hakuyafuta.

Ilikuwa nzuri. Mtu mwingine yeyote angezima mashine, angemkumbatia dada yake, wakaenda hospitali. Lakini fundi aliurudisha utepe nyuma, akasikiliza, na kwenye neno lile "mkononi" akasikia mkwaruzo. Akarudisha tena. Mkwaruzo upo. Mdogo, kama punje ya mchanga kwenye wali, na akiisha kuusikia hakuweza kusikia kitu kingine.

"Neno moja tu, dada," alisema kwenye kipaza sauti cha kuongea na mle ndani. "Mkononi. Nitakuwekea wimbo, imba pamoja nao, ukifika hapo nabonyeza, nanasa neno, naachia. Basi."

"Liache hilo. Mikwaruzo ndiyo mimi sasa hivi."

"Neno moja."

"We mtoto una ugonjwa na wewe, ila wa kwako hawaupasui." Lakini akavaa hedifoni zake.

Wale wanaofanya kazi na utepe wanajua hatari yake. Ukibonyeza kitufe chekundu wakati utepe unazunguka, mashine inafuta ya zamani na kuandika mpya kwa wakati huo huo. Unalinasa neno lako, halafu unaachia upesi, la sivyo inaendelea kufuta chochote kinachofuata. Fundi alikuwa amefanya hivyo maisha yake yote bila kukosea. Wimbo ukaja, dada akaimba juu yake, neno likafika, fundi akabonyeza. "Mkononi." Safi, halina doa. Tangi likalipokea, likalinyanyua, likalitandaza kule juu, na fundi akafumba macho kulisindikiza mwangwi wake mpaka mwisho, kama afanyavyo siku zote. Alisikiliza kwa moyo wote. Alisahau kwamba ana kidole.

Alipofumbua macho taa nyekundu bado inawaka.

Aliachia kama aliyeshika kaa la moto. Akarudisha utepe. Ubeti wa tatu upo, "mkononi" lipo, mwangwi upo. Kisha hakuna. Akaongeza sauti mpaka mwisho wa kitufe, akasikia mvumo wa zege, na kwa mbali dada akivua hedifoni na kuanza kukohoa. Ubeti wa nne ulikuwa umeliwa wote. Fundi akasema "hapana, hapana, hapana" kwa sauti ndogo, kana kwamba mashine ingemwonea huruma.

Dada alikuwa ameshatoka, amekaa kwenye ngazi za nje, anapepea uso wake kwa kanga. Fundi alimfuata, akasimama mbele yake, akafungua mdomo kumwambia. Dada akamwahi.

"Limetoka lile neno?" Haikuwa sauti, ilikuwa hewa. "Maana ndilo la mwisho. Limekwisha duka. Jaribu kunisikiliza." Akajaribu kuimba herufi moja, *aaa*, ikatoka pumzi tupu. Akatabasamu kwa haya, kama mtu aliyekutwa hajavaa vizuri. "Basi. Sauti yangu nimeimaliza nikijua inakokwenda. Sasa naweza kwenda nikalala wanikate."

"Limetoka," fundi alisema. "Zuri sana."

"Kila kitu kipo?"

"Kipo."

Neno hilo lilimponyoka tu, na likiisha kutoka hakukuwa na namna ya kulirudisha. Dada alisimama, akasema anashuka nyumbani kwa fundi, pale chini ya kilima, akaoge na kufunga mkoba wake, kwa sababu mumewe, shemeji yake fundi, angefika na gari jioni. Akirudi anataka kusikia wimbo wote, mwanzo mpaka mwisho, kabla ya kuondoka. Akashuka njia ya mawe kwa mwendo mwepesi ambao fundi hakuwa ameuona kwa miezi.

Fundi alibaki akizunguka tangi. Alilizunguka kwa nje, mkono ukipapasa zege, kama kipofu anayetafuta mlango. Amwambie? Sauti haipo tena. Amwambie ili iwe nini, aingie chumba cha upasuaji akijua kwamba kitu kimoja alichoomba kimefutwa na mdogo wake kwa sababu ya punje ya mchanga? Asimwambie? Anarudi sasa hivi kusikiliza.

Alisimama ghafla. Kisha akaanza kukimbia.

Kuna jambo ambalo fundi hakuwa akimwambia mtu. Walipokuwa wasichana, majirani wakisikia mtu anaimba uani walikuwa wanashindwa kujua ni yupi. Siku moja mjomba wao alimsifu dada kwa wimbo uliokuwa umeimbwa na mdogo, na dada akanuna wiki nzima. Mdogo akaona nyumba haina nafasi ya wawili. Hakuna aliyemkataza, alijinyamazia mwenyewe, akachukua upande wa kusikiliza, na upande huo akaukalia miaka yote hadi watu wakamjua kwa masikio yake tu.

Aliuweka utepe mpya kwenye mashine, akaiwasha, akauacha uzunguke, akakimbia tangini, akavuta pumzi, akaimba ubeti wa mwisho.

*Siku nikinyamaza mimi, mlango wangu ukafungwa,*
*nani ataniimbia, nani atabaki nami?*

Hakuimba kama yeye. Aliimba kama dada wa miaka kumi iliyopita, na vile dada anavyochelewa kidogo kabla ya neno "nani", na vile anavyoliacha neno la mwisho lishuke lenyewe. Alipomaliza aliogopa. Akarudi mashineni, akausikiliza, akakata kwa wembe mahali penye kimya, akaunga kwa gundi ubeti wake nyuma ya wimbo wa dada. Aliyasikiliza yale maungio huku amekaza meno. Hata yeye, na masikio yake yote, hakusikia kitu.

Dada alirudi ameoga, amevaa gauni safi, mkoba begani. Alikaa kwenye kiti cha fundi, chumba cha mashine, chini ya zile picha, akavaa hedifoni. Fundi alisimama nyuma yake, hataki uso wake uonekane. Utepe ukazunguka. Dada alikuwa akitikisa kichwa kidogo kidogo, anatabasamu penye mikwaruzo, anajisamehe. Ubeti wa nne ukaanza.

Kichwa kikaacha kutikisika.

Alisikiliza mpaka mwisho bila kusogea. Kisha akavua hedifoni, akageuka, na fundi akaona dada analia, lakini kwa furaha, furaha tupu, uso umemng'aa kama wa bibi harusi wa kweli.

"Umesikia?" dada alisema kwa sauti yake ya hewa. "Umesikia nilivyoimba pale mwisho? Huko mwanzo nimezeeka, sawa. Lakini pale! Mdogo wangu, mimi ninayo bado. Iko humu ndani nzima, ilikuwa imejificha tu."

"Dada..."

"Na hii ndiyo wanataka kuikata? Mimi nilikuwa nimeshajifia. Nilikuwa nimejikatia tamaa kabisa, nasema kata tu, hakuna kitu humo. Kumbe!" Alikuwa amesimama, na sasa alikuwa yeye anayetembea huku na huku. "Siendi. Mtu hawezi kuwa mgonjwa hivyo akaimba vile. Nitakunywa dawa, nitapumzisha koo, tutaona mwakani."

"Daktari alisema uvimbe utaziba..."

"Daktari hajasikia ubeti wa nne!" Tayari simu ilikuwa sikioni. "Baba watoto? Usije. Usije, nasema. Naongea vizuri? Siongei vizuri, lakini nimeimba. Nitakueleza."

Kule kwenye simu shemeji alisikika akisema kwa ukali kwamba yuko njiani na hageuki. Dada akakata simu, akamcheka. Fundi alijiona kama mtu aliyeziba tundu la paa kwa kubomoa ukuta.

"Si wewe," alisema.

"Si mimi nini?"

"Ubeti wa mwisho. Si wewe, dada. Nilibonyeza vibaya nikaufuta. Nilikuwa nasikiliza mwangwi wa lile neno, nikasahau kuachia. Ukaenda wote. Nikauimba mimi ulipokuwa unaoga."

Dada alimtazama kwa huruma. "Ah, unataka niende hospitali. Najua unanipenda. Lakini usinitungie uongo wa kitoto. Wewe uimbe vile? Wewe tangu ukue, hata ukiwa bafuni hatujawahi kukusikia ukiimba."

"Nimeimba mimi."

"Nasikia sauti yangu, mama. Sauti yangu mimi siijui?"

Maneno hayangetosha, fundi aliona. Alimshika dada mkono, kwa nguvu ambayo hakuwahi kuitumia kwake, akamtoa chumbani, akamwingiza tangini na viatu vyake, akafunga mlango wa chuma. Mle ndani kulikuwa na mwanga mmoja tu, ule unaoshuka kutoka tundu la juu. Wakasimama uso kwa uso.

Akaimba. Safari hii pumzi zilikuwa fupi, lakini sauti ilitoka ile ile, ikapanda, ikaenea, ikawazunguka wote wawili. *Siku nikinyamaza mimi.* Aliona uso wa dada ukibadilika kidogo kidogo mbele yake, ile furaha ikitoka kama maji kwenye ndoo iliyotoboka, na hakuweza kufumba macho. Ilimlazimu aimbe akiwa anaona. Alipomaliza, tangi liliendelea kuimba peke yake juu ya vichwa vyao mpaka likanyamaza.

"Tangu lini?" dada aliuliza.

"Tangu tuko wadogo."

"Tangu wadogo." Dada alikaa chini, palepale kwenye zege, na gauni lake safi. "Miaka yote hiyo nabeba mzigo wa harusi za mji mzima peke yangu, narudi alfajiri miguu imevimba, na wewe unayo hiyo umeikalia kama kuku. Ukaninyamazia."

"Uliwahi kununa."

"Nilikuwa mtoto! Ungeniacha ninune!" Alitaka kupiga kelele, ikatoka hewa, na kikohozi kikafuata. Fundi akapiga magoti, akamshika mgongo, na dada hakumsukuma. Alikohoa kwa muda mrefu, na pumzi yake ilipokuwa inarudi ilikuwa inapiga filimbi ndogo, nyembamba, ambayo tangi liliikuza mpaka ikajaa kila mahali. Wote wawili waliisikia. Hiyo ndiyo iliyokuwa sauti ya kweli ya koo lile, na hakuna aliyehitaji picha ya daktari tena.

Huko nje honi ya gari la shemeji ililia mara moja, kisha ikalia tena kwa muda mrefu.

"Nisamehe," fundi alisema.

"Sijui bado." Dada alijifuta midomo. "Nenda ukaikate."

"Nikate nini?"

"Hiyo uliyoiunga. Itoe."

"Dada, wimbo utabaki unaning'inia. Unaishia 'viatu mkononi', haufungi. Utakuwa kama mtu aliyekatishwa maneno."

"Na mimi nafanywa nini kesho?" Alimwangalia moja kwa moja. "Niliomba sauti yangu ibaki. Pale nilipokomea mimi, pakomee. Usinisaidie."

Fundi hakuwa amewahi kuacha kazi ikiwa na kasoro, hata ndogo kiasi cha punje. Alirudi mashineni na dada akamfuata, akasimama nyuma yake kama askari. Alitafuta maungio, akaweka wembe, mkono ukakataa. Akauvuta tena wembe mahali pake, akakata. Utepe wa kahawia, ubeti mzima, ukaanguka miguuni kwake ukijikunja. Kilichobaki kwenye gurudumu kilikuwa cha dada mtupu, pamoja na mikwaruzo yake, na mwisho wake ulikuwa neno "mkononi" na mwangwi wake ukififia mpaka hakuna. Alikisikiliza mara moja, hakurudisha nyuma.

Shemeji alitokea mlangoni akihema, na funguo zikimning'inia kidoleni. "Nani kasema haendi?" aliuliza.

"Hakuna," dada alisema. "Shika mkoba."

Kisha akainama, akauokota ule utepe sakafuni. Aliuzungushia kwenye vidole vyake vinne, polepole, kama anayekunja uzi, mpaka ukawa kifundo kidogo, akakitia ndani ya mkoba baina ya gauni la kulalia na ndala za hospitali. Fundi alimtazama, hakuelewa.

"Huo hauna pa kupigwa, dada. Hospitalini hawana mashine."

"Nani amesema mashine?" Dada alifunga zipu ya mkoba, akamkabidhi mumewe, akamshika mdogo wake kiwiko ili wateremke pamoja. "Nikiamka sina kitu kooni, nitakutolea hiki. Na wewe utasimama hapo kando ya kitanda, mbele ya wauguzi na wagonjwa wote, uniimbie. Si kama mimi. Kama wewe."

Walishuka kilima watatu. Fundi alitembea katikati, mkono wa dada ukimbana kiwiko, na kila walipofika kwenye jiwe aliisikia ile filimbi ya pumzi, akahesabu akingoja ije tena, ikaja.